Hereni ya Hercules

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkutano wa kamati ya Maonyesho ya Kilimo ya Mundawirra. Niliingia nikiwa mtu wa heshima, nikatoka nikiwa mtu wa majaribio. Mimi, Lionel Trembath, mtengeneza mabango wa maonyesho haya tangu nilipofunga duka langu la viatu! Glenys Hockaday alisimama, kikombe cha chai mkononi, akasema kwa ile sauti yake ya asali kwamba bango la mwaka jana lilimkumbusha tangazo la msiba. Watu wakacheka. Hata mchungaji alicheka, na misiba ndiyo kazi yake.

Hakutosheka. Akasema yeye siku hizi anatumia toleo jipya la ile programu ya bure ya kuhariri picha, linafanya maajabu, sijui mwenzetu Lionel bado yuko na lile la kale? Nikamjibu kuwa toleo jipya ninalo siku nyingi, nimelizoea hadi limenichosha. Uongo mtupu. Sikujua hata kama limetoka.

Keith Mallyon, mwenyekiti, akakata shauri. Bango la mwaka huu ni langu. Litakuwa na picha ya Hercules, kondoo dume wake, atakayepigwa mnada siku hiyo hiyo ya maonyesho. Bango likileta malalamiko, kazi inahamia kwa Glenys, na si kwa mwaka mmoja, bali moja kwa moja. Glenys akatabasamu. Lile tabasamu! Kesho naweka toleo jipya.

Jumanne, 7 Oktoba

Limeanza kupakuliwa asubuhi. Mtandao wa Mundawirra unatambaa. Nilimwomba mke wangu Noreen akate simu ya video na dada yake aliyeko Perth ili njia iwe nyeupe. Akasema dada yake ana uvimbe gotini, je, programu yangu imevimba wapi? Nikarudi kwenye mashine yangu.

Mashine ikaniuliza kama nataka kuondoa toleo la zamani. Nikabofya ndiyo, kama mtu anayeitikia salamu. Ala! Brashi zangu zote zimekwenda. Aina za maandishi nilizokusanya miaka na miaka, hakuna. Mkasi haupo. Madirisha niliyoyapanga nilivyopenda yamegandamana kuwa kitu kimoja cheusi tii. Vialama vyote vya kijivu! Hujui kipi ndoo ya rangi, kipi kifutio. Nimebofya kila kimoja. Kimojawapo kilipindua picha miguu juu, na mpaka sasa sijakiona cha kuirudisha.

Nikaandika kwenye jukwaa la watumiaji, kwa adabu zote: mpumbavu gani amehamisha mkasi? Mtu mmoja akanijibu kuwa programu ni ya bure, wanaoitengeneza wanajitolea, nisome maelezo kwanza ndipo nitukane. Nikamwambia hata mimi najitolea, kamati nzima ya maonyesho inajitolea, na hatujawahi kumficha mtu mkasi. Swali langu likafungwa. Dunia imekosa utu.

Jumatano, 8 Oktoba

Kwenda kwa Keith kumpiga picha Hercules. Msimu wenyewe ndio huu wa ndege weusi-weupe wanaolinda viota. Mmoja alinifuata tangu getini, akanidonoa kisogo mara kadhaa. Keith alinipa ndoo ya plastiki nivae kichwani. Jaribu wewe kupiga picha ya kisanii ukiwa na ndoo kichwani.

Lazima niseme ukweli, Hercules ni mnyama kweli kweli. Pembe zimejiviringa, manyoya mazito, anakutazama kana kwamba wewe ndiye unayeuzwa. Alinikanyaga. Keith akamshika pembe, akaanza hadithi yake, ile ambayo kila mtu hapa anaijua kwa moyo: kwamba Hercules amezaliwa kwenye shamba lile lile, mama yake amezaliwa pale, bibi yake pale, damu aliyoianzisha marehemu baba yake. Kwamba yeye Keith hajawahi kununua kondoo dume wa mtu. Ukame umemchukulia nusu ya kundi, lakini damu ile hakuigusa. Kuna mnunuzi wa shamba kubwa la kuzalishia kondoo wa mbegu anakuja kutoka mbali kwa ajili ya Hercules tu. Akiuzwa vizuri, shamba litavuta pumzi mwaka mwingine. Keith si mtu wa maneno mengi, lakini alisema hili huku akimpapasa kondoo shingo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko katika mikono salama.

Picha ni nzuri. Kasoro ndogo tu: mkono wa Keith unaonekana, gari lake bovu liko nyuma, na choo cha muda cha wafanyakazi kimetokeza juu ya mgongo wa Hercules kama nundu. Kwa toleo la zamani ni kazi ya kunywa chai.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siyo kazi ya kunywa chai.

Nimechagua kondoo, ikachagua mbingu. Nimechagua mbingu, ikachagua ukwato. Nikasema liwalo na liwe, nikabofya futa. Hercules mzima akatoweka, yakabaki macho mawili yananitazama yakiwa hewani. Nilipiga kelele. Noreen alikuja mbio na fagio akidhani ni nyoka.

Alipoelewa akaketi kucheka. Kisha akasema, si umuulize Glenys, anafundisha wazee kompyuta maktaba kila Ijumaa. Nimuulize Glenys! Afadhali niuze mabango barabarani nikiwa na ndoo kichwani. Lakini wazo likaniingia. Mimi siwezi kwenda. Noreen anaweza. Nitampa maswali yangu, atauliza kama yake. Glenys atanifundisha bila kujua kuwa ananifundisha. Akili kama hii Mungu haigawi ovyo.

Noreen alisema atakwenda, ila kwa sababu pale kuna skonzi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilimngoja dirishani kutwa. Amerudi ana jamu shavuni, uso unang'aa. Nikamuuliza majibu. Majibu gani? Maswali yangu ameyasahau kwenye begi! Badala yake amehariri picha ya mmoja wa wale kasuku wa kifua cha waridi wanaojaa kwenye nyaya za umeme. Kwa mkono wake! Akasema Glenys ni mwalimu mvumilivu, haringi, na kwamba amemsalimia mzee Lionel. Usaliti ndani ya nyumba.

Jambo moja tu amejifunza: kubadili rangi ya kitu. Akanionyesha. Unazungushia kitu, unachagua rangi, basi. Kasuku akawa kijani, akawa zambarau, akarudi pinki. Noreen akapiga makofi. Nikamwambia ni mambo ya kitoto. Alipotoka kwenda kuanika nguo nikajaribu mwenyewe.

Imetii! Kitu cha kwanza kunitii wiki nzima! Nikatafuta pa kuutumia ujuzi huu, nikaona hereni ya plastiki iliyo sikioni mwa Hercules. Ya njano, imepauka, inagombana na maandishi yangu ya njano. Nikaizungushia. Rangi ya kasuku ilikuwa bado ipo pale, sikuhitaji hata kuchagua. Hereni ikawa pinki, laini, inalingana na machweo niliyokusudia kuyaweka. Nilikaa nyuma nikaitazama. Huo ndio usanii, si kufuta vyoo.

Choo nacho nimekishinda, kwa njia yangu. Nimekifunika kwa tarehe ya maonyesho. Mkono wa Keith umebaki. Unampa mtu hisia ya ukarimu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimetuma kwa mchapaji mjini. Akapiga simu, faili halifunguki, nimelihifadhi kwa namna ya toleo jipya na yeye ana la zamani. Ana la zamani! Nilitaka kulia. Nilimwambia alitunze lile toleo, asimruhusu mtu kulifuta. Tulizungumza kama watu waliofiwa na ndugu mmoja. Mwishowe tukapata namna, limechapwa.

Nilikutana na Glenys kwa mwoka mikate. Akauliza kama bango limeisha. Nikasema zamani. Akasema angependa kulipitia kidogo kabla halijabandikwa, jicho la pili halidhuru. Ha! Yaani fisi apewe bucha. Nikamwambia asijisumbue, apumzishe macho. Akasema haya, bwana Lionel, kheri.

Jumanne, 14 Oktoba

Mabango yako kila mahali! Baa, kituo cha mafuta, duka la vyakula vya mifugo, dirisha la dalali wa mnada. Nimezunguka mji mzima nikijifanya nanunua stempu.

Na yanatazamwa! Mabango yangu hayajawahi kutazamwa hivi. Nje ya duka la vyakula vya mifugo walikuwa wakulima watano, sita, wamesimama kimya, mmoja amevua kofia. Wakaninong'oneza habari ya asubuhi wakaondoka. Mwenye bucha aliniambia, "Lionel, una roho ngumu wewe." Nikamshukuru. Akauliza kama Keith mwenyewe ameliona. Nikasema bado, akiliona atalia. Mwenye bucha akasema hata yeye anafikiri hivyo.

Glenys aliliona nikiwepo. Akaweka mkono mdomoni. Wivu umemziba koo! Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatano, 15 Oktoba

Keith amekuja. Hakubisha hodi.

Alisimama jikoni na bango mkononi, akaniuliza kwa utulivu, hii ni nini? Nikasema ni Hercules. Akaweka kidole juu ya hereni. Na hii? Nikamweleza habari ya machweo.

Akavuta kiti. Akaniuliza nimeishi Mundawirra miaka mingapi. Nikasema karibu maisha yangu yote. Akasema, "Na katika maisha yako yote, ndugu yangu, hujawahi kuuliza kwa nini kondoo wetu wana hereni za rangi?" Nilidhani ni mapambo. Kweli nilidhani hivyo. Nimeuza viatu, mimi.

Kumbe kila mwaka una rangi yake. Njano ni waliozaliwa miaka miwili iliyopita. Ukiona njano unajua umri bila kuuliza. Na pinki? Pinki si mwaka. Pinki huvalishwa kondoo asiyezaliwa shambani pale. Wa kununuliwa. Watoto wa shule ya msingi hapa wanajua. Noreen anajua! Noreen alipoliona bango kwa mara ya kwanza, pale pale mkononi mwa Keith, akasema, "Mungu wangu, baba, umefanya nini?"

Wilaya nzima inasema Keith Mallyon amenunua Hercules kwa siri, na hadithi ya damu ya baba yake ni ya kutunga. Jirani yake amempigia kumuuliza, kwa kicheko, alimpata kwa nani. Na yule mnunuzi wa mbali ametuma ujumbe kwamba labda hatakuja. Keith alisema haya bila kupaza sauti. Chai hakuigusa. Nikamwambia kosa ni la toleo jipya, vialama vyake ni vya kijivu vyote. Akaniuliza kompyuta ina mikono? Akaondoka. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata dawa! Kwa nini nichape upya, wakati hereni yenyewe ni ndogo kama ukucha? Kalamu nene ya njano. Nazunguka mji, nagusa kila bango mara moja, njano imerudi, heshima imerudi, Glenys hana la kusema.

Nilianza alfajiri. Baa, kituo cha mafuta, dalali. Nilifanya haraka, kola juu, kofia chini. Nusu ya mji nilikuwa nimeimaliza nilipofika bucha, mwenyewe akatoka kunitazama. Akakaribia dirisha. Akainamisha kichwa hivi, akakiinamisha vile. Akasema, "Sasa umemfanya mzee."

Njano juu ya pinki. Inatoka chungwa! Na chungwa nayo ina mwaka wake, wa kondoo waliozaliwa miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo kwenye nusu ya Mundawirra Hercules amenunuliwa, na kwenye nusu nyingine ni kikongwe. Mwenye bucha alishika mlango kwa kucheka. Akasema nikiendelea hivi kufikia Jumamosi atakuwa supu.

La kuvunda halina ubani. Nimerudi nyumbani nimekaa kwenye gari. Noreen alikuja, akafungua mlango, akasema, shuka, baba, nimeshampigia Glenys.

Ijumaa, 17 Oktoba

Glenys amekuja na kompyuta yake. Nilijiandaa kwa dhihaka. Hakunipa. Alifungua faili langu, akaguna kidogo alipofika kwenye mkono wa Keith, kisha kwa muda wa kuchemsha birika hereni ikawa njano, mkono ukapotea, gari likapotea. Choo kikapotea bila tarehe kuguswa! Nilimuuliza mkasi uko wapi. Akabofya kialama kimoja na kukishikilia, vikatokea vingine vimejificha chini yake, na mkasi humo, mzima kabisa. Siku kumi! Ulikuwa chini ya kidole changu!

Alisema hata yeye ulimtesa, alilia siku ya kwanza. Ningependa zaidi angenicheka. Yeye na Noreen wamezunguka jioni kubandua na kubandika. Mimi nilishika gundi.

Keith amepeleka neno kupitia Noreen. Mabango mapya hayatoshi, watu wanaamini walichokiona kwanza. Kesho kabla ya mnada nipande jukwaani, nishike kipaza sauti, niseme mwenyewe. Mbele ya watu wote! Noreen amepiga pasi shati langu bila kuniuliza kama nitakwenda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jua, vumbi, nzi, watu kama siafu. Nilikuwa na hotuba. Nzuri sana. Ilianza na historia ya programu za bure, ikapita kwenye ukatili wa wale wa jukwaa la watumiaji, na ikafika kwenye hereni ikiwa imechoka kiasi kwamba hakuna ambaye angeijali.

Nikapanda. Nikatazama chini. Keith alikuwa ameshika kamba ya Hercules, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na kamba ilikuwa inatetemeka. Si kondoo aliyekuwa akiitetemesha. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikasema kondoo huyu amezaliwa kwa Keith, hereni yake ni ya njano, niliyeipaka pinki ni mimi kwa sababu niliona inapendeza, na Keith Mallyon hajawahi kumdanganya mtu. Kisha sauti kutoka nyuma ikauliza, na chungwa je? Nikasema hata ile ni mimi. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, na nilimwona Keith akiinua kofia kidogo.

Yule mnunuzi alikuwepo. Alikuja, baada ya yote! Akaingia zizini, akashika sikio la Hercules, akaligeuza, akasoma hereni, akaachia. Mnada ukaanza. Aliwashinda wote. Keith alinipita baadaye, akanipiga begani mara moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nililia kidogo nyuma ya banda la keki. Vumbi lilichangia.

Jumapili, 19 Oktoba

Kamati imekutana asubuhi. Mabango ni ya Glenys, moja kwa moja. Mimi nimepewa kuelekeza magari mlangoni. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Nimemwambia Noreen kuwa somo nimelipata, tena barabara: masikio ya kondoo sitayagusa tena maishani. Akarudi kwenye vyombo.

Na milango haifungwi yote! Baada ya kikao Marlene Vickery, kapteni wa zimamoto wetu wa kujitolea, alinivuta kando. Kiangazi kinakuja, majani yamekauka. Anataka nakala ndogo za ule ubao wa hatari ya moto ulioko barabarani, zibandikwe madirishani kote mjini. Kijani, moto ukiwa wa kawaida. Njano, ujiandae. Chungwa, uwe macho. Na nyekundu iliyokoza, siku ile ambayo kila mtu aache kila kitu aondoke nyumbani kuokoa roho yake. Alisema angempa Glenys, lakini Glenys amelemewa, na kazi yenyewe ni kunakili tu, hakuna wa kuiharibu.

Nimeifanya alasiri hii hii, mkasi mkononi. Imetoka safi. Ila ile nyekundu ilinikera. Inatisha watu bure, hasa wazee na wenye moyo dhaifu, na haipatani kabisa na rangi ya madirisha ya maduka. Nimejaribu kijani laini, cha majani machanga ya baada ya mvua. Ukiitazama moyo unatulia. Nimeshaituma kwa mchapaji.